Honda CB750 au Kawasaki Z1? Fungua kwanza kava la sproketi

Mwaka juzi nilinunua pikipiki ya zamani, Honda CB750 ya 1971, hapa Uingereza. Rangi safi, ekzosi zote nne zipo, kromu unajiona uso. Wiki ya tatu nikakuta oili imedondoka sakafuni upande wa kushoto. Fundi akafungua kava la sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, akamulika tochi, akaniita. Nyuma ya sproketi, kwenye ganda la injini, palikuwa na kovu la kuchomelea refu kama kidole, limezibwa kwa gundi ya chuma na kupuliziwa rangi ya fedha. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba injini haijawahi kuguswa.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue Honda hii au mpinzani wake, Kawasaki Z1, mambo ya rangi na kiti waulize wengine. Mimi nakuuliza: umeangalia nyuma ya sproketi?

Cheni za enzi zile zilizidiwa na injini hizi. CB750 ilitoka 1969 ikiwa na nguvu za farasi 67. Cheni iliyochoka ikikatika barabarani hujikunja nyuma ya sproketi na kupasua alumini. Ukisimama pembeni huoni kitu, mpaka kava litoke, na kulitoa ni kazi ya skrubu chache tu. Muuzaji akikataa, ondoka. Kwa zile za mwanzo kabisa, zinazoitwa za mchanga kwa sababu ganda lake lina ukwaru kama wa mchanga, ufa huo ni msiba: thamani yote imo kwenye ganda lile na namba zake.

Hata hivyo chaguo langu la kwanza ni Honda. Breki ya diski mbele, stata ya kubonyeza na silinda nne, vyote kutoka kiwandani mwaka 1969! Hiyo ndiyo iliyowabadilishia wengine hesabu.

Kawasaki nao walikuwa wanatengeneza pikipiki yao ya cc 750. Honda ilipowatangulia, wakarudi mezani na 1972 wakaja na Z1 ya cc 903, farasi 82, kamshafti mbili (mihimili inayofungua vali). Ina mbio zaidi, sibishi. Cheni yake nayo huteseka, basi ikague vilevile. Namba ya fremu ianze na Z1F, ya injini Z1E. Injini nyeusi ni ya modeli ya 1973. Nimewahi kuonyeshwa ya 1974 iliyopakwa nyeusi ili ipandishwe bei, na mwenye nayo akanikazia macho.

Mfuko ukiwa mwepesi, chukua mdogo wake, Honda CB500 Four.

Kinachoniudhi ni hawa wanaosema "ilikaa gereji miaka thelathini" kana kwamba kutu ni sifa, kisha wanaongeza bei. Kukaa bure kunaozesha tangi na kuziba kabureta, na bili unalipa wewe.

Ganda jingine nimelipata, karibu nusu ya bei niliyonunulia pikipiki nzima. Kabla ya kulipa niliomba picha moja tu, ya nyuma ya sproketi. Ilichukua siku nne kutumwa.