Pete yangu ya akiki nyekundu, mwaka wa pili kidoleni

Hii pete nimeivaa kila siku mwaka wa pili sasa, naosha nayo vyombo, nabeba nayo mizigo, na jiwe halina mkwaruzo hata mmoja, fedha iliyolishika ndo imechakaa vibaya.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine niliyouziwa kama akiki, nyekundu sawasawa pote kama pipi, miezi mitatu tu ikajaa mikwaruzo ikapauka, kumbe kioo! Iliniuma sana. Ndo nikaanza kusoma. Akiki ina ugumu wa 6.5 hadi 7 kwenye skeli ya Mohs (kipimo cha ugumu wa mawe, 1 hadi 10), kioo cha kawaida kipo kama 5.5, kwa hiyo hata vumbi lenye chembe za mchanga linakikwaruza. Nikaimulika ile ya zamani kwa tochi ya simu, nikaona vipovu vya hewa ndani. Hii mpya haina vipovu, ina kama wingu hivi, mahali wekundu umekolea, mahali unaelekea rangi ya chungwa, na mng'ao wake umetulia kama wa nta.

Ila kilichonifanya niipende zaidi ni jinsi akiki inavyotokea. Maji yenye silika (madini ya mchanga) yanapenya kwenye matundu yaliyoachwa na gesi ndani ya mwamba wa volkano, yanaacha utando juu ya utando mpaka tundu linajaa, na wekundu wenyewe ni oksidi ya chuma, ndugu yake kutu. Mawe mengi ya akiki pia hupashwa moto yazidi kuiva rangi, mafundi wa Khambhat kule India wanafanya hivyo tangu zamani, na mi sioni ubaya, maana joto linabadilisha chuma kilichomo tayari. Ubaya ni akiki ya kijivu kuchovywa rangi halafu muuzaji anyamaze, hiyo ukiimulika mara nyingi unaona rangi imekaa kwa mistari.

Yangu imechongwa herufi ya jina la mama. Warumi walichonga mihuri ya kugandamiza kwenye nta kwa jiwe hili, kwa sababu nta hailing'ang'anii, nikajaribu na nta ya mshumaa, kweli, herufi ikatoka safi kabisa!

Angalizo moja, usiiangushe kwenye marumaru. Yangu ilimegeka kidogo pembeni, kwa sababu kuwa gumu hakulizuii kuvunjika.

Jiwe 5 kwa 5, fedha 3. Nishaongea na sonara, atalihamishia kwenye pete nyingine.