Fundi wa Luthuli alinitengenezea sauti ya gemu kwa Linux, na hakuniuzia kitu

Wasee wa Linux mnaocheza gemu hapa Nairobi, naandika hii juu nimeteseka miezi miwili na sitaki mwingine apitie hiyo.

Nina laptopu ya eksi-UK, nimeiwekea Ubuntu 24.04 (aina moja ya Linux), na gemu zinaingia poa kwa Steam, ile programu ya kununua na kuchezea gemu, hata zile zilitengenezewa Windows, kuna kifaa chake kinaitwa Proton kinaziendesha tu. Shida ilikuwa sauti. Nyimbo zinacheza safi, video safi, lakini ukifungua gemu dakika mbili hivi sauti inaanza kukwaruza kama redio imetoka kwa stesheni. Na mimi hucheza za risasi, usiposikia hatua za mtu akikujia nyuma umeisha.

Kwanza niliipeleka duka lingine tao, jina nitaacha. Jamaa akaweka wimbo mmoja, akainamisha sikio, akaniambia kadi ya sauti imekufa, elfu nne na mia tano. Kadi iliyokufa na wimbo unacheza? Nikarudisha mashine kwa begi nikatoka.

Huyu wa Luthuli Avenue nilielekezwa na beshte yangu. Ni kibanda kidogo ghorofani, kwa yale majengo yamegawanywa vibanda hadi mkipishana kwa korido lazima mmoja asimame kando. Hakugusa skrubu. Akaniambia, "Kijana, fungua gemu, cheza venye unacheza nyumbani." Nikavaa hedifoni zake, upande mmoja umefungwa na selotepu, nikacheza, na yeye akafungua terminali (dirisha la kuandikia komandi) kando akaandika pw-top, inayoonyesha sauti inavyopita. Kuna safu hapo imeandikwa ERR, yaani hesabu ya makosa. Kila mara sauti ikikwaruza, namba ya hapo inapanda, kumi na mbili, kumi na tatu, na ananionyesha na ncha ya bisibisi bila kusema kitu. Hapo ndio niliamini si kadi.

Venye alinielezea ni hivi: PipeWire ndio inagawa sauti kwa Ubuntu za siku hizi, na inaituma kwa mafungu. Gemu yangu ilikuwa inaitisha mafungu madogo sana, sampuli 256 (vipimo vidogo vya sauti), na kwa sampuli 48000 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 5 tu. Prosesa ikishikwa na picha za gemu inachelewa kujaza fungu linalofuata, pengo linabaki, na hilo pengo ndio mkwaruzo unasikia. Akaandika pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024, fungu likawa milisekunde 21 hivi, na ile namba ikasimama. Ikasimama kabisa! Tulikaa robo saa tukiiangalia. Sasa hiyo komandi inapotea ukizima mashine, kwa hivyo akaniwekea faili ndogo ndani ya ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d yenye default.clock.min-quantum = 1024, akaanzisha PipeWire upya, tukajaribu tena.

Beshte yangu bado ako 22.04, ambayo kwa sauti inatumia PulseAudio badala ya PipeWire, na kwake dawa ilikuwa tofauti: kwa maagizo ya kuwashia gemu ndani ya Steam fundi alimwekea PULSE_LATENCY_MSEC=60 %command%. So ukienda sema uko toleo gani, ndio swali lake la kwanza.

Nilikuwa pia na shida ya monita, nikichomeka HDMI sauti inahamia huko na monita yangu haina spika. Hiyo ilichukua dakika moja, unafungua pavucontrol, programu ya kupanga sauti, gemu ikiwa inacheza, unaenda Playback, unaichagulia hedifoni, na ukiifungua tena inakumbuka.

Kitu hakuweza ni hedifoni zangu za Bluetooth. Ukiwasha maiki yake sauti yote inakuwa kama ya simu, na aliniambia wazi hiyo ni tabia ya Bluetooth yenyewe, ikibeba maiki inaacha ile njia ya sauti safi inaitwa A2DP. Akanishauri nitumie maiki ya laptopu, hedifoni zibaki za kusikiliza peke yake. Angeweza kuniuzia adapta ya sauti ya USB, zilikuwa zimejaa kwa kioo hapo mbele, na mimi ningelipa juu nilikuwa nimechoka. Hakuitaja hata.

Nililipa mia tano. Kelele ya hapo ni mbaya, maspika ya majirani yanapiga siku nzima, na nilingoja karibu saa mbili juu ako peke yake. Enda asubuhi, beba chaja, na gemu iwe imeshashuka kabla ufike juu intaneti yake ni ya simu. Usiku huo nilicheza hadi saa saba, na nilisikia mtu akipanda ngazi upande wa kushoto kabla anione.