Sproketi moja mbele kwenye milima ya Lushoto: uzoefu wangu wa miezi 14

Baiskeli yangu ilikuja na gia 27. Ni ya mtumba, fremu ya alumini, matairi ya inchi 29, shokapu iko mbele tu. Mbele, kwenye pedeli, ilikuwa na sproketi tatu (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni), za meno 44, 32 na 22, na nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi tisa, kuanzia meno 11 hadi 34. Nimeiendesha hivyo miaka mitatu hapa Lushoto na sikuwahi kukosa gia ya kupandia mlima. Kilichonichosha ni direla ya mbele, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine.

Wanaoishi huku wanaujua udongo wetu mwekundu wakati wa masika. Mvua haiuoshi, inazidi kuunatisha. Tairi linauzoa na kuupandisha juu, na mahali unapopenda kujazana ni pale penye uwazi mdogo kati ya tairi na kile kibati cha direla kinachosukuma cheni. Ukichanganyika na majani unakuwa kama tofali. Unafika kwenye kona ya mlima, unabonyeza shifta, kile kitufe cha gia kwenye usukani, kwa kidole gumba ili cheni ishuke kwenye 22, haishuki. Unabonyeza tena, wapi. Mguu umeshakwama, unashuka, unatafuta kijiti na kuanza kuchokonoa huku baiskeli umeiegemeza kwenye paja. Kwenye njia ya msitu wa Magamba nilifanya hivyo mara nne asubuhi moja. Siku hiyo ndipo nilipoamua kuing'oa.

Kabla ya kununua chochote nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na namsihi kila anayefikiria jambo hili aanzie hapo. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Jibu ni idadi ya mizunguko ya gurudumu la nyuma kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Gia yangu nyepesi kuliko zote ilikuwa 22 kwa 34, yaani 0.65. Nzito kuliko zote ilikuwa 44 kwa 11, yaani 4. Katikati hapo nikakuta jambo ambalo miaka yote sikulijua: gia nyingi kati ya zile 27 zinajirudia. 44 mbele na 34 nyuma ni sawa kabisa na 22 mbele na 17 nyuma, zote 1.29, na 32 kwa 26 iko jirani yao, 1.23. Kumbe nilikuwa nabeba sproketi tatu, direla, shifta na waya wake kwa ajili ya gia ambazo nyingine ni pacha.

Likabaki swali moja: nikibakiza sproketi moja tu mbele, itanipa ile 0.65?

Zamani isingewezekana bila kutoa fedha nyingi. Kampuni ya SRAM walipotoa seti ya gia ya XX1 mwaka 2012, sproketi kubwa ya nyuma ilikuwa na meno 42, na mwaka 2016 wakaleta Eagle yenye meno 50, lakini hivyo vilikuwa vifaa vya watu wa mashindano. Kilichonifaa mimi ni seti ya kampuni ya Shimano, Deore M5100, iliyotoka 2020. Ina gia 11, kaseti kuanzia meno 11 hadi 51, na kaseti hiyo inaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) za zamani za gia 8, 9 na 10. Habu yangu ilikuwa ya aina hiyo, kwa hiyo gurudumu halikuguswa.

Hapo kwenye habu usipite haraka. Baiskeli nyingi za bei ndogo, hasa zenye gia 7 nyuma, hazina kaseti. Zina friwili inayosokotwa kwenye habu kama mfuniko wa chupa. Kama yako ni hiyo, kaseti ya 11 hadi 51 haikai, na utalazimika kubadili habu au gurudumu zima. Jirani yangu alinunua kaseti kabla ya kufungua gurudumu lake. Iko kabatini mpaka leo.

Sasa sproketi ya mbele, ambayo ndiyo uamuzi wenyewe. Rafiki ninayeendesha naye alinishauri nichukue 34, kwa sababu ya ile barabara ya lami ya kushuka Mombo, kama kilomita 33 hivi. Nikamsikiliza. 34 kwa 51 ni 0.67, na kwenye karatasi niliona si mbali na 0.65 niliyoizoea. Gurudumu langu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.3. Kwa gia ya zamani kila mzunguko wa pedeli ulinisogeza mita 1.49, na kwa 34 ukawa mita 1.53. Sentimita nne. Ukiwa huna mzigo hazisikiki. Lakini mimi Jumamosi narudi kutoka sokoni na kilo kumi mgongoni, viazi na plamu, na mlima wa kwenda nyumbani hauna mahali pa kupumzikia. Miguu ilizihesabu zile sentimita moja moja. Wiki ya tatu nilikuwa nasukuma baiskeli mahali ambapo miaka mitatu nilipita nimekaa kwenye siti.

Nikaitoa 34, nikaweka 32. Hiyo inakupa 0.63, mita 1.44 kwa mzunguko, nyepesi kidogo kuliko hata ile 22 ya zamani. Ukipunguza meno mawili mbele, kutoka 34 hadi 32, ni kama umeongeza meno matatu kwenye sproketi kubwa ya nyuma, yaani kama ungekuwa na 54 badala ya 51. Na sproketi ya mbele ni ya bei ndogo kuliko kaseti kwa mbali sana. Ndiyo maana nasema: chagua meno ya mbele kwa kuangalia mlima mkali kuliko yote unaolazimika kuupanda, ukiwa na mzigo wako, ukiwa umechoka. Mteremko usiuulize. Nilichopoteza kwa kuacha 34 ni kwamba nikikanyaga mizunguko 90 kwa dakika mwendo wa juu umeshuka kutoka kama kilomita 38 kwa saa hadi 36. Kutoka Soni kushuka Mombo mteremko wenyewe unanipeleka, na zile kona zinataka breki.

Kama unabeba abiria au magunia, fikiria 30. Ila angalia krenki yako kwanza, ile mikono ya pedeli inayofungiwa sproketi. Kwenye krenki za boliti nne, zile ambazo duara linalopita kwenye boliti lina kipenyo cha milimita 104, sproketi ya 32 inakaa bila taabu. 30 zipo, lakini zinatengenezwa kwa umbo lake maalumu kwa sababu cheni inapita karibu mno na boliti.

Ufungaji ulinisumbua, na naueleza kwa kirefu kwa sababu naona wengi watakwama hapo. Fundi wa kwanza aliifunga sproketi upande wa nje, pale ilipokuwa 44. Ni mahali panapoonekana, na mkono unafika kwa urahisi. Nilipoweka gia ya 51, cheni ikawa imekwenda mshazari mkubwa, na nikirudisha pedeli nyuma hata nusu mzunguko, inaruka kra-kra kutoka 51 hadi 45, kisha 39. Kwenye njia ya mawe unarudisha pedeli nyuma kila mara ili mguu usigonge jiwe, kwa hiyo kila mara gia yangu ya mlima ilikuwa inanitoka. "Kaka, cheni ni fupi," fundi aliniambia. Haikuwa fupi. Niliinamisha kichwa nyuma ya kaseti nikafumba jicho moja, nikaona sproketi ya mbele imesimama nje kabisa ya katikati ya kaseti. Tukaihamishia upande wa ndani, pale ilipokuwa 32 ya zamani, na ule ugonjwa ukaisha saa ileile.

Likazuka jingine: boliti. Boliti za zamani zilikuwa zinashika sproketi mbili pamoja, ya nje na ya kati. Ukibakiza moja, boliti zinakaza mpaka mwisho lakini sproketi bado inacheza. Zinatakiwa boliti fupi za sproketi moja. Nunua pamoja na sproketi, usingoje.

Sproketi yenyewe iwe ile yenye meno mapana na membamba kwa kupokezana. Ukiitazama cheni kwa karibu utaona kila pingili ya pili ina nafasi kubwa kuliko jirani yake. Jino pana linaijaza ile nafasi kubwa, jembamba linaingia kwenye ndogo, na cheni inashikwa vizuri ingawa hakuna direla ya mbele ya kuilinda. Ndiyo sababu sproketi hizi zina meno shufwa tu: 30, 32, 34. Ukiweka cheni ikaangukia jino lisilo lake, haikai chini. Izungushe jino moja mbele.

Direla ya nyuma nayo iwe na klachi. Kwenye M5100 kuna kiwashio kidogo pembeni. Kikiwa kimewashwa, mkono wa direla unakuwa mgumu na cheni haichezi hovyo unaposhuka kwenye mizizi. Kwa miezi 14, pamoja na masika mbili, cheni imenitoka mara moja tu, na ni siku niliyofungua gurudumu kuziba pancha nikasahau kukirudisha.

Sasa kero, maana zipo. Kwenye tambarare, kutoka Mombo kuelekea Korogwe kandokando ya mashamba ya mkonge, upepo ukiwa mgongoni miguu inabaki inazunguka bure. Kwa 44 ya zamani, kwa mizunguko ileile 90, ningekuwa karibu kilomita 50 kwa saa. Tena pengo kati ya gia ni kubwa. Kaseti hii inaruka kutoka 15 hadi 18, wakati ile ya zamani ilikuwa na 15 kisha 17. Unatafuta gia moja ya katikati na haipo. Mlimani sikuwahi kulisikia pengo hilo, tambarare nalisikia kila safari. Kuhusu uzito, usitarajie mengi. Unachotoa mbele, sehemu yake inarudi nyuma na lile sahani kubwa la meno 51.

Cheni inaisha haraka zaidi. Kazi yote iko kwenye sproketi moja, na ukiwa kwenye gia za pembeni cheni inakwenda mshazari. Napima kwa kipimo cha cheni kila mwisho wa mwezi, na ikivutika asilimia 0.5 nabadilisha, kwa sababu cheni iliyovutika itaila kaseti, na kaseti ndiyo yenye gharama. Ya kwanza niliitoa mwezi wa nane. Sproketi ya mbele ni ya alumini na meno yake yameanza kuchongoka kama ya papa, ifuatayo nitachukua ya chuma, 32 ileile.

Rafiki yangu aliyenishauri 34 anaishi Mombo, na kazi yake inampeleka Korogwe kila siku. Bado ana sproketi zake tatu, na kwa barabara yake sijamshawishi azitoe.