Uzoefu wangu: Kipande cha Sachertorte katika Hotel Sacher, Vienna

Niliingia katika mkahawa wa Hotel Sacher, nyuma ya jumba la opera la Vienna, nikiwa na haja moja tu: kuonja pale kwenyewe keki ya chokoleti ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuioka jikoni kwangu. Kipande kililetwa kikiwa na muhuri wa mviringo wa chokoleti juu yake na krimu iliyopigwa pembeni, isiyotiwa sukari hata chembe, pamoja na kahawa juu ya kisinia chenye glasi ya maji.

Husimuliwa kwamba mwaka 1832, wakati chokoleti ikijulikana zaidi kama kinywaji, Metternich, kansela wa Austria, aliagiza kitindamlo kipya kwa ajili ya wageni wake, na kwa kuwa mpishi mkuu alikuwa mgonjwa, kazi ikamwangukia mwanagenzi wa miaka 16, Franz Sacher. Mwanawe Eduard, aliyejifunza kazi katika Demel, duka la keki la Vienna, ndiye aliyeipa keki hiyo sura tunayoijua, na mwaka 1876 akafungua hoteli. Baadaye hoteli na Demel walishtakiana kwa miaka mingi kuhusu haki ya kuiita keki yao «Original», yaani ya asili, na hata mahali pa jamu palibishaniwa, mpaka walipopatana mwaka 1963. Ya hotelini ina jamu ya aprikoti katikati na nyingine chini ya ganda la chokoleti. Ya Demel ina tabaka moja tu, lile la chini ya ganda.

Kwa maoni yangu, tabaka hilo la katikati lina thamani kubwa. Keki yenyewe huumuliwa kwa ute wa mayai uliopigwa hadi ukasimama, kwa hiyo nyama yake ni ya kushikana na ina ukavu kidogo, tofauti kabisa na keki laini za sherehe tulizozizoea nyumbani. Nilipokandamiza uma, ganda lilikatika kwa mlio mdogo, kisha uma ukazama taratibu hadi kwenye mstari mwembamba wa jamu, na uchachu wake ukaufuta utamu wa chokoleti ulimini kabla haujakinaisha. Tonge la kwanza nililila bila krimu, nikajutia. Kuanzia la pili nilichovya kila mara, na ladha ikakamilika.

Nawashauri wanaokwenda wasiiache krimu sahanini wakidhani ni pambo. Mimi niliondoka na keki nzima ndani ya kisanduku chake cha mbao, na tangu siku hiyo ninapooka yangu huikata katikati, nikaipaka jamu ingali moto, kisha nikasubiri ipoe kabisa ndipo niimwagie chokoleti.