Tapo C200 nyumbani: kamera inayomfaa mtu wa bando, ila ifunge inavyotakiwa

Wakuu, nimeulizwa sana kuhusu hii kamera kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Ni Tapo C200 ya TP-Link, kale kadogo keupe kenye kichwa kinachozunguka, na mi nakaa nayo sebuleni hapa Dar. Asubuhi mimi na mke wangu tunatoka gizani kuwahi foleni, watoto wanabaki na dada, na mlango wa mbele ndo unaonipa mawazo nikiwa kazini. Kwa kazi hiyo naipenda sana, na sababu kubwa ni kwamba inarekodi kwenye memori kadi yake yenyewe, hulazimiki kulipia klaudi (hifadhi ya mtandaoni) kila mwezi na haikai inakula bando mchana kutwa. Kwa sisi ambao nyumbani kuna ruta ya laini hilo ndo la kuangalia kwanza kabla ya ubora wa picha.

Kuiunganisha ni rahisi, fundi wa nini. Unachomeka umeme, unasubiri taa iwe inapepesa nyekundu na kijani, unashusha apu ya Tapo, unafungua akaunti, unafuata maelekezo mpaka taa itulie kijani. Wengi wanakwama sehemu moja tu, waifai. Waifai huwa na masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5, na hii kamera inashika 2.4 peke yake, 5 haioni kabisa, sasa kama ruta yako imeunganisha zote mbili chini ya jina moja inaweza kusumbua, ingia kwenye setingi za ruta uzitenganishe majina, kamera uipe ile ya 2.4. Na usiione hiyo kama kasoro maana 2.4 ndo inayopenya kuta zetu za tofali vizuri kuliko 5. Ukiharibu njiani, inua lenzi juu kwa mkono, chini yake utakuta tundu la kadi na kitufe cha riseti, kibonyeze sekunde 5 hivi, unaanza upya.

Sasa kadi. Hapa naomba mtu asome taratibu. Kadi feki zimejaa, zimeandikwa 128GB kumbe ndani ni 8, na ubaya wake hazikuambii, kamera inarekodi vizuri tu mpaka siku unatafuta tukio ndo unakuta faili hazifunguki. Niliuziwa moja ya hivyo dukani, kwa bahati huwa nazipima kabla ya kuzitumia. Unaichomeka kwenye kompyuta, unaendesha programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza kadi yote halafu inasoma tena kuhakikisha, inachukua muda lakini inakupa jibu la kweli, na duka likabadilisha bila ubishi nilipowaonyesha. Ukiweza chukua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, zinavumilia kuandikwa na kufutwa usiku na mchana. C200 za mwanzo ziliandikwa mwisho 128GB, za sasa zinaenda mpaka 512, angalia boksi lako. Hesabu yake ni hivi: kamera ikirekodi kwa megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 450 kwa saa, yaani karibu GB 11 kwa siku, kwa hiyo 128GB inakupa siku kumi na kitu kabla haijaanza kufuta za zamani, ukipandisha ubora siku zinapungua.

Hesabu hiyohiyo itumie kwenye bando. Ikirekodi kwenye kadi inatumia intaneti kidogo mno, bando linaondoka pale unapoangalia laivu ukiwa mbali, na linaondoka pande mbili, ruta ya nyumbani inapakia na simu yako inapakua. Lisaa limoja la kumwangalia mtoto anacheza ni karibu GB nzima ukijumlisha. Mi naangalia kwa dakika mbili tatu, naridhika nafunga. Na bando la nyumbani likiisha kabisa kamera inaendelea kurekodi kwenye kadi, ila tu hutapata taarifa kwenye simu. Ukiwa nyumbani unaweza kuiangalia kwenye kompyuta bila bando, kwenye apu unatengeneza akaunti ya kamera katika Advanced Settings, kisha VLC, ile programu ya kuchezea video, unaipa rtsp://jina:paswedi@IP:554/stream1 (jina na paswedi ni za akaunti hiyo, IP ni anwani ya kamera kwenye ruta yako) na picha inakuja moja kwa moja kupitia ruta, stream2 ni ileile kwa ubora mdogo.

Picha ni 1080p, mchana safi, sura ya mtu anayeingia mlangoni unaitambua bila kubishana. Usiku inageuka nyeusi na nyeupe, inaona mpaka kama mita 9, sebule inatosha na inabaki. Ila usiiweke nyuma ya kioo cha dirisha ukitegemea ilinde uwanja, mwanga wake wa usiku unagonga kioo unarudi na unachokiona ni weupe mtupu. Kingine kwa nyumba zetu ni buibui na mijusi. Utando mmoja mbele ya lenzi usiku unang'aa kama taa na simu inaita kila upepo ukipuliza, kwa hiyo ipitishie kitambaa kikavu mara kwa mara, punguza ukali wa kuhisi mwendo, na chora eneo la kuangalia liishie mlangoni, pazia na feni viwe nje ya eneo. Nilipochora hivyo kelele zikapungua mno, sasa simu ikiita najua kuna mtu kweli.

Umeme. Haina betri, umeme ukikatika imekufa, na mwizi wa mtaani anaupenda huohuo muda wa giza. Adapta yake ni volti 9, ampea 0.6, kwa hiyo zile UPS ndogo za ruta (betri za akiba umeme ukikatika) zenye tundu la volti 9 na la 12 zinaibeba kamera pamoja na ruta kwa saa kadhaa. Soma kilichoandikwa nyuma ya adapta ya ruta yako kwanza, kuna za 12 na kuna za 9, usichomeke kwa kukisia. Mi bila hiyo UPS nisingesema kamera imekamilika.

Usalama wake nao. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizoa vifaa vya intaneti, kamera na DVR (mashine za kurekodia kamera) kibao zikiwemo, kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani ambazo watu hawakubadilisha, na Oktoba 21 vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani inayoelekeza watu kwenye tovuti wanazotafuta, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Hii C200 paswedi unaitengeneza mwenyewe, hilo zuri, lakini nayo mwaka 2021 ilikutwa na tundu kwenye programu toleo 1.1.15 kurudi nyuma, lilimruhusu mtu kuingia bila paswedi yoyote, wakaliziba kwenye toleo lililofuata. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hujaipachika, sasisha programu yake. Weka paswedi ambayo huitumii kwingine, washa uthibitisho wa hatua mbili, na usikubali fundi asajili kamera kwa akaunti yake eti atakurahisishia, maana mwenye akaunti ndo mwenye macho ndani ya nyumba yako. Mke au mume mshirikishe kupitia apu, kuna sehemu yake.

Na hili nalisema kwa uchungu: mwambie dada. Mwonyeshe kamera ilipo, mwambie inaona wapi na inasikia sauti. Usiifiche kwenye saa ya ukutani, usiiweke anapolala au anapobadilisha nguo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria huyo ni binti wa watu anakulelea mtoto. Kwetu tukiwa wote ndani jioni tunawasha hali ya faragha, inaacha kuona na kurekodi, na dada anajua namna ya kutuomba tuiwashe.

Ya nje usijaribu na hii, ni ya ndani, mvua ya masika itaimaliza. Kwa geti kuna C310, hiyo ni megapikseli 3 na ina IP66, maji na vumbi haviingii. Bei zinapishana duka kwa duka, uliza matatu manne kabla ya kutoa hela, na fungua boksi hapohapo uhakikishe adapta, kibao cha kupachikia na skrubu zake zimo. Mi C200 naipa nne kati ya tano, moja nimeizuia kwa sababu ya betri.