Galaxy Tab A9+ kwa fundi wa IT: konsoli naipenda, ila hili tundu moja!

Haya wadau, karibuni tena. Sauti inasikika vizuri? Leo narekodia nyumbani, Mikindani, maana kule dukani mjini bodaboda hawanipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, mtu anavuta mafuta. Mlionilalamikia sauti kwenye video ya betri za sola, haya, nimewasikia, sasa msiseme jogoo wa jirani.

Kishikwambi chenyewe ndicho hiki, Samsung Galaxy Tab A9+. Kilitoka 2023, inchi 11, spika nne, hayo mmeshayaona kwa wenzetu wa Dar wenye meza nyeupe na taa za kupendeza. Sirudii. Na hao wote wanakiwashia katuni na gemu. Mimi nataka tukiangalie kikiwa kazini.

Kazi yetu mnaijua. Unapigiwa simu, "Fundi, mtandao umekata ofisini." Unafika, swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta, iko juu ya kabati, kabati liko nyuma ya magunia, meza ya kuweka laptopu hakuna. Unabaki umeibeba kwa mkono mmoja kama mhudumu wa sinia la chai, na mkono wa pili unatafuta kebo. Ngazi yenyewe inacheza. Sasa mimi hiki nakishika, napanda, basi.

Sogea na kamera, njoo huku. Hii ni swichi ya Cisco, Catalyst 2960. Ya zamani, ndiyo, lakini huku maofisini zipo na zinapiga kazi. Mteja kaniletea, nywila hakuna anayeijua, aliyeiweka alishahamia mkoa mwingine. Mwenye mali kanipa ruhusa na tumeandikishana. Nasema mapema, usije ukaenda kufungua swichi ya watu halafu ukanitaja mimi.

Kebo hii ya bluu, upande mmoja ina kichwa cha RJ45, kama kile cha kebo ya mtandao. Kinaingia kwenye tundu lililoandikwa CONSOLE, nyuma huku. Hiyo ndiyo konsoli: unaipa swichi amri moja kwa moja kwa kebo. Siyo matundu ya mtandao ya mbele! Kuna watu wanachomeka kwenye namba moja halafu wananitumia ujumbe saa nne usiku, "kaka mbona kimya?" Upande wa pili ni USB ile pana, na ndani ya kichwa chake kuna chipu ya FTDI, mkalimani kati ya USB na swichi. Halafu kiunganishi kidogo hiki cha OTG, kinageuza USB pana kuwa Type-C. Chomeka.

Mmeona hapo? Kinaniuliza kama naruhusu programu ishike kifaa cha USB. Naruhusu. Programu inaitwa Serial USB Terminal, iko Play Store, ya bure. Sijaruti kitu, yaani sijavunja kufuli za Android, na sijaweka dereva. Kasi ya mawasiliano naweka 9600. Ukiweka 115200 hapa utaletewa herufi za ajabu ajabu uanze kuilaumu kebo. 115200 ni ya ruta za MikroTik zenye tundu la konsoli.

Sasa tulieni. Nachomoa umeme wa swichi. Nashika kitufe cha Mode hapa mbele, sikiachii, narudisha umeme... bado nashika... taa ya SYST inapepesa, inapepesa, imetulia. Naachia. Haya someni kwenye kioo: switch, nukta mbili. Imeingia! Nimesimama katikati ya chumba, sina meza, sina laptopu, na swichi ya Cisco inaongea na mimi. Wee!

Naandika flash_init, naipa muda. Halafu dir flash: nione mafaili. Faili letu ni config.text. Mipangilio ya swichi imo humo, pamoja na hiyo nywila iliyotusumbua. Hatulifuti, jamani, tunalibadilisha jina tu: rename flash:config.text flash:config.old. Halafu boot. Swichi ikiwaka inalitafuta faili lake, hailioni, inajiona mpya, haikuulizi nywila yoyote. Ikikuuliza kama unataka kuanza kuipanga upya unajibu no, unaandika enable upate mamlaka yote, unalirudishia faili jina lake, unalipakia kwenye mipangilio inayotumika, unaweka nywila mpya, unahifadhi. VLAN zote za mteja, yaani mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi, unazikuta kama zilivyokuwa. Fundi anayefuta kila kitu ili aingie, huyo kamwongezea mteja kazi na bili.

Na uzuri wa konsoli haina habari na intaneti. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima ikawa inajikongoja? Wale tunaotegemea AnyDesk, ya kushika kompyuta ya mteja kwa mbali kupitia intaneti, tulikaa tunatazamana. Kebo hii siku ile ingefanya kazi vilevile.

Swichi inaendelea kuwaka, hii inachukua dakika kadhaa. Sasa angalieni hapa juu kulia, asilimia ya chaji. Mmeiona? Kumi na tisa. Na chaja yangu hii hapa mkononi. Niichomeke wapi? Niambieni, niichomeke wapi? Tundu ni moja! Moja, na limeshikwa na kebo ya konsoli, ambayo nikiichomoa sasa hivi siioni tena swichi inasema nini. Kuna tundu la pili kweli, la hedifoni. Asanteni sana, nitasikiliza taarabu wakati kazi inazimika.

Halafu hata ukipata nafasi ya kuchaji, kinapokea wati 15 tu na betri ni mAh 7040. Unaweka chaji, unaoga, unaenda swala ya Isha, unarudi, unakula, unaangalia, bado. Ukiniuliza dakika hii nitakwambia nakiuza.

Dawa yake ni habu ya Type-C yenye Power Delivery: chaja inaingia huku, kebo ya konsoli huku, na kama ina tundu la LAN, la kebo ya mtandao, unapima na mtandao wenyewe. Lakini usinunue habu ya bei ya kitonga. Nilichukua moja, duka silitaji, ikawa inachagua: ikipokea chaji inaikataa kebo, ikikubali kebo inagoma kupitisha chaji. Ijaribu palepale dukani na vitu vyote viwili vikiwa vimechomekwa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kuna mtu ataandika hapo chini "si ununue Surface Go." Najua. Surface Go ina tundu lake la chaji pembeni, Type-C inabaki huru, na ni Windows kamili, kwa hiyo WinBox ya kupangia MikroTik na PuTTY ya konsoli unatumia bila kuhangaika. Hapo imenishinda, nakubali. Lakini chaja yake ya sumaku ikiharibika ukiwa Newala utaazima kwa nani? Hiki unaazima chaja kwa dereva wa bodaboda. iPad nayo, ni nzuri, kioo kizuri, ila ukiichomekea kebo kama hii inakutazama tu. Kwa fundi wa mitandao hiyo siiweki kwenye orodha.

Mwenye hela aangalie Galaxy Tab Active5. Hiyo betri unaichomoa unaweka nyingine, na ni IP68, yaani inahimili maji na vumbi. Hiki changu hakina ulinzi wowote wa maji, na mimi nafanya kazi Msimbati, mchanga na chumvi. Kava lenye mpira pembeni siyo urembo.

Kusaidia wateja kwa mbali kinafaa, kwa masharti. Kidole kwenye madirisha ya Windows kinabonyeza kufuta badala ya kufungua, sitanii. Tafuta mausi na kibodi za Bluetooth, washa DeX, ile hali ya Samsung ya kukifanya kama kompyuta, programu zinakaa kwenye madirisha na unapumua. Bluetooth haikuibii tundu. Msimu wa korosho unakuja, vyama vya msingi watapiga simu printa imegoma na wakulima wako kwenye foleni. Nusu ya hizo simu utazimaliza ukiwa nyumbani, nusu nyingine ni waya wa umeme umelegea na lazima uende. Na wale ambao bado wako Windows 10, masasisho ya kawaida ya bure yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Nimewaambia wateja wangu, wanasema "lakini inawaka." Haya.

Matumizi ya nyumbani sina neno. Ankara naandikia humu, picha za kabati kabla sijagusa waya napiga humu, jioni Namungo wakicheza kinakaa mezani na sauti inatosha chumba kizima. Tatizo ni watoto. Asubuhi nakikuta na asilimia nane na katuni bado zinaongea. Nimeweka nywila, wameshaijua.

Bei! Changu kilinigharimu laki sita na kitu. Kwa hapa Mtwara utaambiwa zaidi, kwa Kariakoo chini kidogo, na nauli ya mzigo juu yako. Chukua chenye RAM ya GB 8, siyo 4, DeX inakula. Na hesabu ya habu, kebo ya FTDI na mausi weka humohumo, usije ukasema nilikuficha.

Hapo kwenye kuuza, nimeshapoa. Sikiuzi. Kwa kazi ya kusimama hiki, kwa kazi ya kuandika ripoti laptopu yangu iko palepale.

Swichi imeshawaka, inaniuliza lile swali, najibu no... tazama, imenipokea. Ngoja nimrudishie mteja faili lake kabla chaji, sasa imeshashuka hadi kumi na mbili, haijawa sifuri. Aliye na habu inayopitisha chaji na konsoli pamoja bila kuchemka, aandike jina lake hapo chini, na aseme kainunua wapi. Wiki ijayo ni ruta za laini za simu, nitazipeleka hadi Nachingwea tuone. Bonyeza kengele.