Kisanduku cha dawa cha vyumba 28: kinafaa wodini, mradi mgonjwa akijaze mwenyewe

Ukiulizia kisanduku cha dawa cha wiki katika maduka ya dawa Tanga mjini, usikubali cha vyumba saba. Dawa za asubuhi na za usiku hukaa pamoja, na mgonjwa akizimeza zote kwa mkupuo husinzia mchana kutwa. Kwa wodi ya afya ya akili chukua cha vyumba 28: siku saba, kila siku vyumba vinne (asubuhi, mchana, jioni na usiku), na kila siku inachomoka peke yake. Hilo la kuchomoka ndilo linalokipa thamani. Muuguzi hufungia siku sita kabatini na mgonjwa akabaki na ya leo tu.

Kasoro ya kwanza ni maandishi. Herufi za Kiingereza za siku zina T mbili na S mbili, na mstari unaanza Jumapili wakati watu wetu wanahesabu wiki kuanzia Jumamosi. Bandika plasta nyeupe juu yake, andika J'mosi hadi Ijumaa, kisha pitisha selotepu, maana wino mtupu hufutika kwa jasho la vidole. Kwa asiyesoma, chora jua na mwezi. Saa ziandikwe kwa hesabu yetu, au zifungwe na mambo yasiyosahaulika: chai ya asubuhi, adhana ya Magharibi.

Sasa matumizi. Mgonjwa akiwa bado amechafukwa, kisanduku hakina kazi. Subiri atulie na aweze kufuata maelezo mpaka mwisho. Chukulia anatumia haloperidoli (ya kutuliza ugonjwa wa akili) miligramu 5 asubuhi na usiku, benzheksoli (ya kuzuia kukakamaa kunakoletwa na haloperidoli) miligramu 5 asubuhi, na kabamazepini (ya kifafa na ya kutuliza hisia) miligramu 200 asubuhi na usiku, kila dozi kidonge kimoja. Hivyo ni vidonge 5 kwa siku, 35 kwa wiki. Mwanzo avitaje tu: hiki kinaitwaje, cha nini, kikikosekana nini hutokea. Akiweza, ajaze siku moja mbele ya muuguzi. Baadaye ajaze wiki nzima, muuguzi akikagua mwishoni bila kumshika mkono. Mwisho akae na vyumba vya siku hiyo, na muuguzi ahesabu kilichobaki jioni.

Ajaze dawa moja siku zote saba, afunge kopo, ndipo afungue la pili. Anayejaza siku moja moja huku makopo matatu yako wazi, akiitwa tu kidogo, akirudi ataweka mara mbili au ataruka. Bahasha zenye jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi zisitupwe, kwa sababu vidonge vidogo vyeupe vikishachanganyika havitambuliki tena.

Kosa kubwa kuliko yote ni muuguzi kujaza mwenyewe ili amalize zamu mapema. Kisanduku kinapendeza, faili linasomeka vizuri, na mgonjwa anaruhusiwa kwenda Muheza au Pangani akiwa hajui hata rangi ya dawa zake. Ndugu wanaokuja kumchukua nao wajaze wiki moja wakiangaliwa, wasiishie kuelezwa mlangoni.

Hali ya hewa ya pwani ni mtihani mwingine. Kabamazepini ikipata unyevu hugumu, na mwili hauipati kwa kiasi kilichokusudiwa. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa na hisia, nayo hunyonya maji ya hewani. Vidonge vya namna hiyo vibaki ndani ya karatasi yake, ikatwe kwa mkasi kidonge kimoja kimoja, hata kama chumba kitabana. Masika usijaze zaidi ya wiki moja, na usiweke kisanduku juu ya friji wala dirishani. Kioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikauke kivulini usiku kucha kabla ya kujazwa tena.

Kuna wasiofaa kupewa. Mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe dawa za wiki, hasa litiamu (ya kutuliza hisia) au amitriptilini (ya sonona). Apewe dozi moja moja na kumezeshwa mbele ya muuguzi. Benzheksoli nayo ihesabiwe kwa jicho kali. Ndiyo hupotea kwanza, kwa kuwa wapo wanaoitumia kama kilevi. Sindano ya mwezi haina chumba, kwa hiyo tarehe yake iandikwe kwenye mfuniko. Dozi iliyosahaulika ibaki chumbani mwake ionekane. Isifidiwe kwa kumeza mara mbili.

Ramadhani kisanduku hiki hurahisisha mambo: chumba cha mchana kinabaki kitupu, za asubuhi zinahamia daku, za usiku zinamezwa baada ya futari. Anayetumia litiamu aonane na daktari kabla ya kufunga, maana joto la Tanga na kukosa maji mchana huweza kuipandisha dawa hiyo mwilini hadi kuwa sumu.

Upande wa ubora, vifuniko vya plastiki ngumu huvunjika na kuacha ncha kali ambazo wodini hazitakiwi, chagua vinavyokunjika. Dukani tia punje za mchele chumba kimoja, funga, geuza na utikise. Zikihamia chumba cha jirani, rudisha.